Mvinyo mwekundu wa kosheri kwa nyama ya kidari: mkavu au mtamu?

#1 BintiKondoa
Wakuu salaam. Naishi London, upande wa Golders Green, na majirani zangu ni familia ya Kiyahudi inayoshika dini hasa. Wamenialika chakula cha Ijumaa usiku. Nilipomuuliza mama mwenye nyumba nije na nini, akasema nikipenda nilete chupa ya mvinyo mwekundu, mradi uwe wa kosheri, yaani unaokubalika kwa sheria za dini yao. Wataanza na samaki, ifuate supu ya kuku, kisha nyama ya ng'ombe ya kidari iliyopikwa polepole na vitunguu na karoti.

Dukani kuna rafu nzima. Muuzaji ananisukumia mvinyo wa Israeli wa zabibu za Cabernet Sauvignon, mkavu, yaani usio na utamu. Mfanyakazi mwenzangu anashikilia kwamba Wayahudi wanakunywa mtamu tu. Halafu chupa nyingine zimeandikwa "mevushal" na nyingine hazijaandikwa. Kwa chakula kama hicho nichukue upi, na hilo neno lina uzito gani?

#2 Mzee wa Ilala
Nafuatilia. Ila nijuavyo mimi kosheri ni mvinyo ambao rabi ameubariki. Chukua wowote wenye muhuri wake, usijisumbue.

#3 JikoBrooklyn
@Mzee wa Ilala, hapana, rabi habariki chupa. Kazi yake ni usimamizi. Tangu zabibu zinapopondwa mpaka chupa inapozibwa, wanaoshika mvinyo ni Wayahudi wanaotunza Sabato peke yao, na kila kinachoingia ndani lazima kikubalike. Wenye viwanda wengi husafisha mvinyo kwa jelatini ya mifupa au utando wa samaki, hayo huku hayapiti kirahisi. Ute wa yai unapita. Kasini ya maziwa ni kikwazo kingine, maana mvinyo huo utakwenda kunywewa na nyama.

Dada BintiKondoa, mimi napika kwenye jiko la kosheri hapa Brooklyn. Kitu cha kwanza nilichoambiwa na msimamizi ni kutogusa chupa ya mvinyo iliyofunguliwa. Asiye Myahudi akiumimina, wenye msimamo hawaunywi tena. Mevushal ni mvinyo uliopashwa moto kiwandani, kwa hiyo hata ukimimina wewe, hukumu yake haibadiliki. Ndiyo maana kwenye maharusi na mahotelini, ambako wahudumu ni watu wa kila dini, humiminwa mevushal mtupu.

Wewe ni mgeni na si wa imani yao. Chukua mevushal, kaa mezani kwa amani. Baron Herzog wa California ni mevushal na bei yake haitishi.

#4 ZabibuNyeusi
#3 umeeleza sheria vizuri, lakini ushauri wako unambana dada bila sababu. Kubeba chupa iliyozibwa hakuiharibu. Wanachotaka ni iwe na vizuizi viwili, yaani kizibo, na juu yake kile kifuniko kinachobana shingo ya chupa. Mkabidhi mwenye nyumba ikiwa hivyo hivyo, afungue mwenyewe, amimine mwenyewe. Basi. Hapo rafu nzima iko wazi kwako, na chupa nyingi zilizo nzuri kwelikweli hazikupashwa moto. Yarden wa Golan si mevushal. Castel wa milima ya Yudea si mevushal.

Ukipasha mvinyo moto unaua harufu ya tunda. Unabaki na kitu kinachonukia jamu iliyokaa jikoni mno.

#5 JikoBrooklyn
Hiyo ilikuwa zamani, mkuu, walipokuwa wanauchemsha kama chai. Siku hizi unapita kwenye mabomba na kufikishwa kati ya nyuzi 80 na 90 kwa sekunde tu, kisha unapozwa papo hapo. Na moto wenyewe hauna ubaya kiasi hicho. Château de Beaucastel kule Ufaransa, ambao si wa kosheri hata kidogo, nao hupasha maganda ya zabibu zao mpaka nyuzi 80 hivi kabla ya kuchachusha, na watu wanapanga foleni kuununua.

#6 ZabibuNyeusi
Beaucastel wanapasha maganda kabla ya uchachu. Si mvinyo uliokwisha iva. Usichanganye mambo.

#7 JikoBrooklyn
Na mevushal wengi wa sasa nao hupashwa kikiwa bado ni maji ya zabibu, kabla ya uchachu. Si wote, lakini wengi. Kwa hiyo linganisha chupa na chupa, usihukumu kwa neno la kwenye lebo.

#8 NyotaYaMombasa
Mimi ni Mwislamu, sinywi, ila nahudumu hotelini Dubai na tangu 2020 tumepokea sana wageni wa kosheri. Anachosema #3 nimekiona kwa macho. Msimamizi wao husimama mlango wa jiko, hufungua chupa mwenyewe, na sisi hubeba sinia tu. Nilimuuliza kama mkono wa Mwislamu una hukumu yake pekee. Akanieleza kuwa Musa bin Maimuni, yule mwanachuoni wa Kiyahudi aliyeishi Misri, aliandika kwamba mvinyo ulioguswa na Mwislamu hawaunywi lakini wanaweza kuuuza, kwa sababu Waislamu si waabudu sanamu. Asili ya katazo ilikuwa mvinyo uliomiminwa mbele ya masanamu.

Na dada, wapo wasiotaka pombe mezani hata wao. Juisi ya zabibu ya kosheri inakubalika kwa ile dua yao ya Ijumaa usiku, inayosomwa juu ya kikombe kabla ya kula. Si aibu kupeleka hiyo.

#9 Mzee wa Ilala
@NyotaYaMombasa shukrani, hili sikulijua. Sasa hebu turudi kwenye tamu na kavu, huko ndiko dada alikokwama.

#10 Mwalimu_Chiku
Utamu una historia yake. Wayahudi waliohamia kaskazini mashariki ya Marekani walikuta zabibu za Concord zimejaa jimbo la New York. Concord ni kali kwa asidi na ina harufu nzito ya peke yake. Ukiiacha ikauke hainyweki kwa raha, basi wakaongeza sukari. Wakati wa marufuku ya pombe, 1920 hadi 1933, mvinyo wa ibada uliruhusiwa, na ladha hiyo ikakita mizizi. Manischewitz ndiyo chupa maarufu ya ukoo huo. Ni kumbukumbu ya babu na bibi kwa mamilioni ya watu, kwa hiyo mwenzako wa kazini hajasema uongo. Amesema ukweli wa mahali pamoja na wakati mmoja.

Israeli ni habari nyingine. Carmel ilianzishwa 1882 kwa fedha za Baron Edmond de Rothschild, mtoto wa mwenye Château Lafite, shamba maarufu la mvinyo la Ufaransa, na mizabibu ililetwa kutoka Ufaransa. Hata hivyo kwa miaka mingi mvinyo wao mwingi ulikuwa mtamu wa ibada. Mabadiliko makubwa yalikuja na kiwanda cha Golan kilichoanzishwa 1983 kule Katzrin, kwenye udongo wa volkano na baridi ya juu. Leo rafu unayoiona imejaa mikavu.

#11 Kaka_Moshi
Manischewitz ndiyo ya Pasaka yao. Peleka hiyo, hutakosea.

#12 JikoBrooklyn
@Kaka_Moshi si kila chupa. Ile ya kawaida ina sukari ya mahindi, na Wayahudi wa asili ya Ulaya ya Mashariki hawatumii mahindi wakati wa Pasaka. Kwa ajili hiyo hutengenezwa nyingine ya sukari ya miwa, yenye alama ya Pasaka kwenye lebo. Na dada ameuliza Ijumaa ya kawaida.

#13 MamaSufuria
Jamani mmeongea chupa, mmeongea dini, hakuna aliyeongea sufuria. Nyama ndiyo inayochagua mvinyo.

Nimepika kwenye nyumba ya Kiyahudi Toronto kwa muda mrefu, sikilizeni. Nyama ya kosheri hulowekwa nusu saa, kisha hupakwa chumvi ya chenga kila upande na kuachwa saa nzima juu ya ubao wenye mteremko ili damu ichuruzike, halafu husuuzwa. Inafika jikoni ikiwa na chumvi tayari. Pili, nje ya Israeli robo ya nyuma ya ng'ombe karibu yote huuzwa kwa wengine, kwa sababu ya mshipa wa paja ambao hauliwi na mafuta ambayo ni kazi ngumu kuyatoa. Kinachobaki ni mbele: kidari, mbavu, bega. Nyama ngumu yenye mafuta, inayotaka saa tatu nne za moto mdogo.

Sasa kidari kikishaiva hivyo, mafuta yameyeyuka, ile mishipa imegeuka utelezi, na vitunguu na karoti vimeachia utamu wao kwenye mchuzi. Hapo ukileta Cabernet kali yenye ukakasi wa kukausha ulimi, utamu wa mchuzi utaufanya mvinyo uonekane mchungu na mkavu kupita kiasi. Kinachotakiwa ni mvinyo wenye tunda jingi na ukakasi kidogo. Wa zabibu za Grenache. Carignan ya mizabibu mikongwe ya Israeli. Au Marselan, ambayo ni mtoto wa Cabernet na Grenache, Recanati wanayo. Muuzaji wako anakuuzia anachotaka kumaliza.

#14 ZabibuNyeusi
@MamaSufuria nakuheshimu, ila hapa napinga. Mafuta ya kidari yanahitaji ukakasi wa kuyakata. Na chumvi uliyoitaja wewe mwenyewe ndiyo inayopunguza uchungu wa tanini, yaani ule ukakasi, ulimini. Nyama yenye chumvi na Cabernet ni ndoa ya zamani. Umejijibu bila kujua.

#15 MamaSufuria
Chumvi inasuuzwa, mwanangu. Inabaki juu juu. Na Cabernet inayokata mafuta ni ya nyama ya kuchoma, yenye ukoko mweusi wa moto, si ya nyama iliyolala kwenye mchuzi wa karoti.

#16 Kaka_Moshi
Nyama choma sasa tunaelewana! Wawashie mkaa tu, mambo yaishe.

#17 Mwalimu_Chiku
@Kaka_Moshi ukienda kwao usiku wa Pasaka usiitaje choma. Wengi wa asili ya Ulaya hawali nyama ya kuchoma usiku ule, hata kuku, ili isifanane na mwanakondoo wa sadaka wakati hekalu la Yerusalemu halipo. Ndiyo maana kidari cha sufuria kimekuwa mfalme wa meza ile.

#18 RukiaWaTemeke
Hivi samaki mmemsahau? Bandiko la kwanza limesema wanaanza na samaki. Mvinyo mwekundu na samaki unaleta ladha ya chuma mdomoni. Kuna watafiti wa Japani walilieleza mwaka 2009, kwamba ni madini ya chuma yaliyomo kwenye mvinyo yanayoamsha ule ushombo. Mwekundu mwenye chuma kidogo hauna tatizo, lakini kwenye lebo huwezi kujua.

#19 JikoBrooklyn
Samaki wao wa Ijumaa mara nyingi ni madonge ya samaki wa kusaga, yameviringwa na kuchemshwa, ni baridi na yana utamu kidogo, pembeni wana mzizi mkali uliosagwa na kiazi sukari chekundu. Mvinyo wowote mkavu unapigwa na ule mzizi. Kaa nao kidogo tu, usubiri nyama. Na kwa wanaoshika, samaki na nyama havikai sahani moja. Wanabadilisha sahani na kunywa kitu katikati.

Jambo jingine ambalo halijasemwa: kabla ya kula kuna kikombe cha dua, na nyumba nyingi hutumia mvinyo mtamu kwa hicho. Ule mkavu huja baadaye na chakula. Kwa hiyo wanaosema tamu na wanaosema kavu wanazungumzia vikombe viwili tofauti vya usiku huo huo.

#20 Mzee wa Ilala
Hapo #19 umefungua macho. Ila kuna nyumba wanatumia chupa moja kwa yote, kwa hiyo swali halijaisha.

#21 BintiKondoa
Asanteni sana. Nimerudi dukani na simu mkononi nikisoma uzi huu. Nimekuta Carignan ya Israeli, si mevushal, ina kizibo na kifuniko juu. Nimekuta pia Herzog Cabernet mevushal. Muuzaji kaniambia nikichukua ya Israeli niangalie mwaka, niwe mwangalifu na 2022. Hakunieleza vizuri. Kuna nini 2022?

#22 Mwalimu_Chiku
Mwaka wa saba, dada. Ardhi ya Israeli hupumzishwa kila mwaka wa saba kwa sheria ya Torati. Wa mwisho ulianza Septemba 2021 ukaisha Septemba 2022, hivyo zabibu zilizoiva kiangazi cha 2022 zimo ndani yake. Mvinyo wake una utakatifu, haumwagwi ovyo, na kuutoa nje ya nchi kuna mabishano. Familia nyingine wanaununua kwa furaha ukiwa chini ya baraza la marabi, nyingine hawaugusi. Chukua 2021 au 2023 na hutaulizwa kitu.

Pia mzabibu mchanga, matunda yake ya miaka mitatu ya kwanza hayatumiki. Na kwenye mvinyo wa Israeli, zaidi kidogo ya asilimia moja humwagwa badala ya zaka ya makuhani. Kwa mkulima hiyo ni hasara ya kweli, nami nawaheshimu kwa kuibeba.

#23 Kaka_Moshi
Mvinyo unamwagwa chini? Hapana, hapo wamenishinda.

#24 RukiaWaTemeke
@BintiKondoa, hata usipochukua wa Israeli kuna Capçanes wa Hispania. Ushirika wa wakulima wa Montsant ulianza kutengeneza kosheri 1995 kwa ajili ya Wayahudi wa Barcelona. Chupa inaitwa Peraj Ha'abib, ina Grenache, Carignan na Cabernet ndani, kwa hiyo MamaSufuria na ZabibuNyeusi wote watapata chao. Ila si mevushal, na ni ghali.

#25 DodomaYetu
Kwa nini asipeleke mvinyo wa Dodoma? Zabibu zetu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, Makutupora nyekundu ina rangi nzito na tunda la kutosha. Ni zawadi ya nyumbani.

#26 JikoBrooklyn
Zawadi nzuri, lakini hawataweza kuinywa. Bila usimamizi tangu kuponda, chupa inabaki pambo. Hata mapipa yana sheria. Pipa lililowahi kubeba mvinyo usio wa kosheri hujazwa maji siku tatu, maji yakibadilishwa kila saa 24, ndipo litumike. Wakija watu wa kusimamia Dodoma, mvinyo huo nitakuwa wa kwanza kuuagiza.

#27 Omukama_Mbale
Mnazungumza Wayahudi kama wote wako Ulaya. Hapa Mbale, Uganda, kuna Abayudaya, jamii ya Waganda wanaoshika dini ya Kiyahudi, tangu 1919, alipowaanzisha Semei Kakungulu. Rabi wao Gershom Sizomu alipata daraja la urabi Los Angeles 2008. Kwa watu wa vijijini chupa ya kosheri kutoka nje ni fedha nyingi mno. Sheria inaruhusu dua ya Ijumaa usiku kusomewa juu ya mkate pasipo mvinyo. Kwa hiyo dada akikosa chupa inayofaa, mkate upo, na usiku hauharibiki.

#28 NyotaYaMombasa
Umenena. Na Nairobi pia wana sinagogi lao pale University Way.

#29 Mwalimu_Chiku
Kwa siku akialikwa Pasaka, hesabu inabadilika. Usiku ule kila mtu ana vikombe vinne, na viwili vya kwanza vinakuja kabla ya chakula, tumbo tupu. Kipimo cha kikombe wamebishania: wapo wanaosema mililita 86, wapo wanaosema 150. Kwa kipimo kikubwa, vinne ni mililita 600, karibu chupa nzima. Cabernet ya asilimia 14 na nusu hapo ni kujitesa. Unataka mwepesi kwa vile viwili vya mwanzo, na ule wenye mwili uje na kidari.

Mwekundu ndio unaopendelewa usiku ule. Lakini karne ya 17, Rabi David HaLevi Segal wa Poland aliandika kuwa watu wameuacha, kwa sababu ya majirani waliowazushia kwamba wanatumia damu. Watu waliuawa kwa uzushi huo. Kila nikiona kikombe chekundu kwenye meza ile nafurahi kwamba kiko wazi mezani.

#30 ZabibuNyeusi
Maneno mazito, mwalimu. Tuheshimu.

Dada, la mwisho kwangu. Chukua Carignan, mkabidhi mwenye nyumba kabla jua halijazama. Ukifika giza limeingia, kubeba kitu barabarani siku ya Sabato kwao kuna masharti, na hata kama wewe hayakuhusu, utawaweka kwenye mashaka. Wala usitegemee waifungue usiku huo. Huenda wameshapanga zao.

#31 JikoBrooklyn
Nakubali kufika mapema. Sikubali Carignan. Kama wageni ni wengi na chupa zinazunguka mezani, mkono wa mtu utanyooka kumsaidia jirani yake kabla hajakumbuka. Mevushal inamwondolea mwenyeji kazi ya kulinda chupa usiku kucha. Huo nao ni ukarimu wa mgeni.

#32 MamaSufuria
Basi atafute mevushal isiyo Cabernet, zipo. Na dada, kabla hujalipa mpigie yule mama umuulize kitu kimoja: mchuzi wa kidari anaumalizia na nyanya, na plamu zilizokaushwa, au na mvinyo wenyewe? Kama anaweka matunda makavu na sukari ya kahawia, hata Grenache itaonekana kavu, na hapo nitasimama na yule mwenzako wa kazini: mtamu kidogo, uliopoozwa kidogo. Kama anamwaga mvinyo sufuriani, muulize ni upi, ukanunue ndugu yake.

#33 ZabibuNyeusi
Mtamu na kidari? Mama, hapo hatutakutana.

#34 BintiKondoa
Nimempigia. Anaweka plamu zilizokaushwa, na mvinyo nusu chupa. Anasema humimina wowote uliobaki Sabato iliyopita.

#35 MamaSufuria
Si nilisema.

#36 ZabibuNyeusi
Plamu hizo zina uchachu pia, si utamu tu. Carignan nayo ina asidi ya kutosha kwenda nazo. Msimamo wangu uko pale pale.